Dada Nyaya na Sauti Moja ya Kaka Yake

Saa nne asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la kushona nguo, mwanamke wa makamo ameinamia kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya meza ya kupigia pasi. Mbele yake ameketi mwanamume mkubwa wa mwili, amefumba macho, mkono wa kulia ukiwa juu ya goti.

"Unasikia?" anauliza mwanamke kwa sauti ya juu.

Anasogeza kipanya kidogo, kisha kidogo tena. Mwanamume anainua mkono.

"Hapo nasikia. Lakini taratibu, mdogo wangu, mimi si bomba la sinki uje kunizibua."

Wote wawili wanacheka. Upande wa pili wa ukuta vyerehani vinaendelea kunguruma, na kwenye kioo cha kompyuta kumejaa visanduku vidogo vilivyounganishwa kwa mistari, mistari inayopitana juu na chini mpaka asiyejua angedhani mtoto mdogo ameachiwa kalamu. Ni kwa sababu ya mistari hiyo mtaa mzima humwita Dada Nyaya. Jina lake la kuzaliwa, anasema, lipo kwenye kitambulisho, na liachwe lipumzike huko huko.

Dada Nyaya ni mpiga kinanda wa sherehe. Mwezi wenye harusi nyingi hupiga kila Jumamosi. Mwezi mkavu hapati hata mwaliko mmoja, na hapo hukunja mikono ya nguo na kupiga pasi nguo za wateja wa duka la mbele. Pasi hiyo ndiyo kodi yake ya chumba, maana mwenye duka hamtozi kingine.

Kinachomtofautisha na wapiga vinanda wengine ni kwamba baadhi ya vinanda vyake hakuvinunua. Ameviunda mwenyewe ndani ya kompyuta, kwa kuchora.

"Sijui kuandika programu kama wataalamu," anasema. "Mimi nachukua kisanduku kinachotoa wimbi la sauti, nakiunganisha na kisanduku kinachochuja, halafu kingine kinachoamua sauti ianze ghafla au polepole, na ife vipi. Ukiunganisha vizuri, unapata chombo. Ukiunganisha vibaya, unapata kesi na majirani."

Kesi ilipatikana kweli. Siku za mwanzo aliunganisha mdomo wa sauti na masikio yake yenyewe, yaani kile kilichotoka kikarudishwa kilikoingilia. Ulitoka ukelele mkali hata mshonaji mmoja akaangusha mkasi na kutoka nje akidhani pana moto. Mpaka leo, Dada Nyaya akitaka kujaribu kitu kipya, hugonga ukuta kwanza. Wa upande wa pili hujibu, "Haya, tumejiandaa!"

Lakini asubuhi hii si ya majaribio ya kuchekesha. Jumamosi binti wa kaka yake anaolewa. Binti huyo amesema waziwazi kwamba wimbo wa kuingia ukumbini ataimbiwa na baba yake, na kama baba haimbi, ataingia bila wimbo. Na baba yake, huyu mwanamume aliyefumba macho, ana miaka miwili hajasimama mbele ya maikrofoni, kwa sababu masikio yamemwacha.

Jamani, kumsikiliza Dada Nyaya akimzungumzia kaka yake ni kama kusikiliza mtu anayerudisha shukrani kwa awamu. Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado na meno ya utoto. Kaka, aliyekuwa kijana wa kuimba kwenye sherehe za watu, alimbeba kila alikokwenda, akamlaza nyuma ya jukwaa juu ya makoti ya wanamuziki.

"Wengine walilala kwa kubembelezwa, mimi nililala kwa ngoma na gitaa," anasema. "Kaka angeweza kunipeleka kwa ndugu, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hakunipeleka. Kila ninachokijua cha muziki, mizizi yake ni yeye."

Baadaye kaka aliunda bendi yake. Dada akashika kinanda. Mambo yalipoanza kunyooka, bendi ilinunua kompyuta na vinanda vya ndani ya kompyuta vilivyotengenezwa tayari, vile ambavyo mtu hulipia, hufungua, na kukuta mamia ya sauti zikimsubiri: filimbi, nyuzi, kengele, na nyingine zisizo na jina la kidunia.

Msomaji asije akadhani Dada Nyaya anavidharau. Hata kidogo.

"Waliovitengeneza Mungu awape maisha marefu. Vimenilisha mimi na bendi nzima. Unabonyeza kitufe kimoja, ukumbi unajaa. Tatizo ni kwamba kwenye nyumba ile wewe ni mgeni. Umekaribishwa sebuleni, umepewa kiti kizuri, lakini jikoni huingii. Vile vitufe alivyokuachia mwenye nyumba ndivyo hivyo."

Na ikafika siku akahitaji kuingia jikoni.

Masikio ya kaka yalianza kupungua polepole. Kwanza aliacha kusikia kengele ya baiskeli, kisha sauti za watoto wadogo. Daktari alisema ni miaka mingi ya kusimama kando ya spika kubwa, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kwenye mazungumzo kinamsaidia sana, anashukuru. Kwenye muziki, anasema mwenyewe, ni kama redio iliyoangukia kwenye ndoo.

Aliendelea kuimba hivyo hivyo, kwa mazoea na kwa ubishi. Mpaka harusi moja, kinanda kilipomwita kwa sauti zile tamu zinazometameta, yeye hakuzisikia zilipo. Akaanza pembeni kabisa ya wimbo. Bendi ikajaribu kumfuata, naye akajaribu kuifuata bendi, wakawa wanapishana kama watu wawili mlangoni. Wageni wakacheka. Si kwa ubaya, pengine, lakini walicheka.

"Niliweka maiki chini," kaka anasimulia, naye husimulia kwa kupaza sauti kidogo kuliko inavyohitajika. "Jumamosi iliyofuata nilikwenda na bendi kama kawaida, nikapanga viti, nikabeba spika. Watu wakaniuliza, Mkuu, huimbi? Nikasema nimestaafu. Uongo mtupu! Nilikuwa nikifika nyumbani nalia bafuni, bomba likiwa wazi, mke wangu asisikie."

"Nilisikia," anaitikia mkewe kutoka mlangoni, akiwa amekuja kuchukua gauni la harusi kwa washonaji. "Sikusema tu."

Anamgusa mumewe bega, anaondoka na gauni.

Dada Nyaya alianza kuhangaika. Akapitia sauti zote za vinanda vya kununua akitafuta moja ambayo kaka angeishika. Nyingine zilikaribia, lakini kila alipotaka kuondoa kipande fulani cha juu au kuongeza kitu pale mwanzoni mwa sauti, alikuta hakuna kitufe cha kufanya hivyo. Katika kutafuta ndipo alipokutana na programu ya visanduku, ambayo haina sauti yoyote ndani yake. Ukiifungua unakuta ukurasa mweupe.

"Nilidhani imeharibika," anacheka. "Nikaizima, nikaiwasha. Bado nyeupe. Nilikuwa nimezoea kuandaliwa meza, hapa nimeambiwa nenda ukalime."

Aliyemfundisha kulima ni mtu asiyemjua hadi leo, mzee mmoja wa nchi ya mbali aliyeweka masomo yake mtandaoni bure, akifundisha kisanduku kimoja baada ya kingine. Dada Nyaya aliwahi kumwandikia kumshukuru. Mzee akamjibu kwa mstari mmoja: nifurahishe, mfundishe mwingine.

Chombo cha kwanza alichomuundia kaka kilikuwa kizito na cha chini. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kama sauti za juu hasikii, basi tumpe za chini tu, tena kwa wingi. Kaka akasikiliza kwa heshima, kisha akatoa hukumu.

"Nasikia lori, mdogo wangu. Wimbo siusikii."

Cha pili kilikuwa hivyo hivyo, na cha tatu. Mpaka siku moja alipogundua kosa lake, nalo lilikuwa la aibu: alikuwa akiunda kwa masikio yake mwenyewe, akikisia tu anachosikia kaka. Akavua visikilizio, akaviweka kando, akamketisha kaka kwenye kiti. Akachora kisanduku kimoja tu, sauti moja nyoofu isiyo na mapambo, akaipandisha taratibu. Ukisikia, inua mkono. Ikipotea, ushushe.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba masikio ya kaka si giza tupu. Kuna mahali katikati, pembamba kama uchochoro, ambapo bado anasikia vizuri kabisa. Dada Nyaya akaunda chombo cha kuishi humo. Akakiwekea mlio mfupi mwanzoni mwa kila sauti, kama kugonga mlango, ili kaka ajue sauti imefika. Akaipa sauti yenyewe mtikisiko kidogo isichanganyike na kelele za ukumbi.

Siku ya mazoezi, siku chache kabla ya asubuhi hii, bendi yote ilikusanyika humu chumbani, wamebanana kati ya meza ya pasi na mafungu ya nguo. Dada Nyaya akaweka vidole vitatu kwenye kinanda, kama anavyofanya maisha yake yote, sauti tatu zitoke kwa pamoja zimpokee mwimbaji.

Ikatoka moja.

Akabonyeza tena. Moja. Akahamisha mkono, akabonyeza vidole vinne kwa hasira. Moja.

Mpiga gitaa, ambaye ulimi wake hauna breki, akauliza, "Vipi, Dada? Zile nyingine ziko njiani, au zimekosa nauli?"

Wote wakaangua kicheko. Dada Nyaya alijua papo hapo alichosahau, na alitamani ardhi ipasuke. Kwenye kinanda cha kununua, vidole kumi hutoa sauti kumi, wala hakuna anayejiuliza kwa nini. Kwenye ukurasa mweupe, mnyororo mmoja wa visanduku ni sauti moja. Ukitaka kumi, uchore mnyororo huo mara kumi na uweke kisanduku cha kugawa kazi. Wiki zote zile alikuwa akijaribu kwa kidole kimoja, maana kaka alikuwa akisikilizishwa sauti moja moja. Hakuwahi kukumbuka mkono uliobaki.

"Nipeni dakika chache," akasema, ameshainamia kompyuta. Huku akisema, mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unabonyeza ule wimbo wa kuingilia, sauti moja ikifuatiwa na nyingine, tupu, bila hata moja ya kuisindikiza.

Nyuma yake mtu akaanza kuimba.

"Mimi nilidhani ni redio ya washonaji," anasema mpiga gitaa, na kwa mara ya kwanza hatanii. "Nikageuka, nikamwona Mkuu amefumba macho, anaimba. Yupo ndani ya wimbo, katikati kabisa. Nilipigwa na butwaa."

Dada Nyaya alipotaka kuacha ageuke, kaka alimpigia kelele.

"Usiguse! Acha hivyo hivyo!"

Kumbe zile sauti tatu za pamoja, ambazo kwa wengine ni utamu, kwake zilikuwa ukungu. Miaka yote ya kupoteza masikio alikuwa akipewa umati na kuambiwa amtafute mtu mmoja ndani yake. Chombo kilichosahauliwa vidole kilimletea mtu huyo peke yake, mkononi.

"Nilikaa chini pale pale sakafuni," anasema Dada Nyaya, na macho yanamjaa machozi. "Nilimshukuru Mungu kwa ujinga wangu. Ningekuwa makini zaidi, ningeharibu."

Kosa likaachwa kama lilivyo. Mpango ukawa hivi: mkono wa kulia utapiga kinanda cha kununua kwa ajili ya ukumbi, na mkono wa kushoto utapiga chombo cha kuchora, kinachokwenda kwenye kisikilizio kidogo katika sikio la kaka, asikie yeye tu. Mwandishi wa makala haya, ambaye hawezi kupiga hata filimbi ya refa, aliuliza ni kipi basi kilicho bora kati ya viwili hivyo. Aliangaliwa kama mtu aliyeuliza kama mguu wa kulia unaushinda wa kushoto.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wageni walikuwa wamesimama, vigelegele vilianza hata kabla mlango haujafunguliwa. Kaka alisimama jukwaani na suti ya kijivu, maikrofoni mkononi. Dada yake alikuwa nyuma yake hatua chache, kompyuta wazi.

Mlango ukafunguliwa. Bibi harusi na mumewe wakaingia taratibu, na baba wa bibi harusi akaanza.

"Nenda, mwanangu, mlango wangu hauna komeo..."

Wimbo huo aliutunga mwenyewe, na ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji. Mkewe, kwenye kiti cha mbele, alikuwa ameshika kitambaa mdomoni kwa mikono miwili. Mpiga gitaa akawa anatabasamu kama yeye ndiye anayeolewa.

Kisha binti akainua shela akamtazama baba yake. Machozi yakamtoka kaka. Akapitisha kiganja usoni kuyafuta, na kisikilizio kikachomoka sikioni, kikaanguka chini kwenye nyaya za jukwaa.

Akanyamaza. Bendi iliendelea kupiga, tamu, imejaa, na yeye alisimama pale mdomo wazi, akiangalia huku na huku. Baadhi ya wageni walianza kugeukiana. Ilikuwa ni ile harusi nyingine inarudi, safari hii mbele ya mwanawe.

Dada Nyaya hakuweza kuacha kinanda akamwokotee. Alichofanya, anasema, hakukifikiria. Aliondoa mkono wa kulia kwenye kinanda cha kununua. Akaichukua ile sauti moja iliyokuwa siri ya sikioni, akaifungulia kwenye spika zote za ukumbi. Mpiga ngoma akaacha. Mpiga gitaa akafunika nyuzi kwa kiganja.

Ukumbi mzima ukabaki na sauti moja, kavu, yenye kutikisika kidogo, inayobisha hodi mwanzoni mwa kila noti. Haikuwa nzuri. Dada Nyaya mwenyewe anakiri kwamba haikuundwa kwa ajili ya kupendeza wageni. Vigelegele vilikufa. Bibi harusi alisimama katikati ya njia, mkono wake kwenye mkono wa mumewe, akasubiri.

Kaka aligeuza kichwa, akaipata. Akafumba macho, akaimba.

Aliimba beti zote zilizobaki hivyo, bila kitu kingine chochote, yeye na dada yake, na watu zaidi ya mia wakiwa kimya kiasi kwamba viatu vya bibi harusi vilisikika alipoanza kutembea tena. Alipofika jukwaani hakupita. Alipanda, akamkumbatia baba yake, kisha akamfuata shangazi yake nyuma ya kompyuta akamkumbatia pia, na poda yote ya usoni ikabaki kwenye bega la Dada Nyaya.

"Mcheza kwao hutunzwa!" alipaza sauti mpiga gitaa, na hapo ukumbi ukalipuka.

Siku mbili baadaye, mwandishi alimkuta Dada Nyaya akipiga pasi mashati ya watu, uso umechangamka. Alikuwa amewashukuru washonaji, bendi, wifi yake, na waliotengeneza kinanda cha kununua ambao hawamjui. Mzee wa masomo ya mtandaoni naye alikuwa ametumiwa ule wimbo uliorekodiwa. Na sasa, kama alivyoombwa, ameanza kufundisha: wanafunzi wake ni wawili, akina mama wa kwaya ambao masikio yao pia yanaanza kuchoka.

Lakini ipo habari nyingine, na hakutaka ifichwe. Daktari amesema masikio ya kaka yataendelea kushuka. Uchochoro ule utazidi kuwa mwembamba, na iko siku unaweza kufungika.

"Najua," anasema, akigeuza shati. "Kwa hiyo kila baada ya miezi michache anakuja hapa, anakaa, nampima upya, nakihamishia chombo pale alipo. Cha kununua kingenisubirisha mpaka mwenye nyumba akumbuke. Hiki nakifungua leo leo. Na tumeshaanza kujaribu kingine, cha kushika. Anaweka kiganja juu ya spika, sauti inapita kwenye mkono. Jana aliimba chinichini akifuata. Alikosa, lakini hakukosa mbali."

Kaka, aliyekuwa ameketi kando, aliulizwa kama haogopi. Alijibu bila kuzunguka.

"Naogopa sana. Kwa nini nisiogope? Lakini siogopi peke yangu."

Dada yake aliweka pasi chini, akaitazama kompyuta iliyofunguliwa pembeni, ukurasa mweupe wenye kisanduku kimoja tu katikati. Binti wa kaka, alisema, hafichi kwamba anataka mtoto mapema.

"Ombi langu ni moja," akasema. "Huyo mjukuu akija, amkute babu yake anaimba. Mungu ampe babu uhai tu. Mengine nitayachora."